Basi la asubuhi kutoka Mbeya hadi Iringa: harufu tuliyoisikia sote tukanyamaza

Nimepanda basi hili mara tatu kutoka stendi ya Nane Nane, Mbeya, na kwa mambo ya kawaida sina lawama kubwa: huondoka kwa wakati, siti ni mbili kwa mbili, na Makambako abiria hupewa muda wa kutosha wa kuchimba dawa. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanatuhusu sisi abiria pia.

Katika safari ya mwisho, tulipoipita Igawa, ilianza kusikika harufu ya mpira unaoungua. Kijana wa siti ya mbele yangu aliinua kichwa, akatazama kulia na kushoto, na alipoona wenzake wametulia akairudia simu yake. Nami nilipomwona yeye ametulia, nikaegemea. Nadhani basi zima tulikuwa tukisomana nyuso hivyo hivyo. Watafiti wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walilipima jambo hili katika jaribio walilolichapisha mwaka 1968, kwa kupenyeza moshi katika chumba ambamo watu walikuwa wakijaza fomu: waliokuwa peke yao, asilimia 75 walikwenda kutoa taarifa, lakini waliokaa na watu wawili waliopangwa kutojali, ni asilimia 10 tu waliofanya hivyo.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa siti za nyuma, aliyepaza sauti: "Dereva, simamisha, kuna kitu kinaungua!" Papo hapo watu walewale tuliokuwa kimya tulisimama, tukagonga dari, kila mmoja akidai kwamba harufu aliisikia tangu Igawa (mimi nikiwamo, nakiri), kisha tukasongamana mlangoni hata konda akakosa nafasi ya kuufungua, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la hatari kuliko harufu yenyewe. Kumbe breki za gurudumu la nyuma zilikuwa zimegoma kuachia, na dereva alizirekebisha kwa nusu saa.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezipunguza kwa sababu ya konda, ambaye alikuwa na kipaza sauti na asubuhi alikitumia vizuri kutangaza soda, ilhali kauli yake moja ingetosha kutuamsha mapema na kutushusha kwa utaratibu. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu kwa heshima zote: "Mzee wangu, niliisikia, ila niliona abiria mmetulia."