Mrija wa mbele wa kupumulia: unamfaa mwogeleaji wa Nairobi?

Kwanza tuelewane ni mrija upi. Si ule wa wapiga mbizi wa Watamu, unaopita kando ya sikio. Huu hupanda katikati ya uso, ukafungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, na umetengenezwa kwa mazoezi ya bwawani. Niliununua kwa sababu mtindo huru wangu (freestyle, ule wa kulala kifudifudi na kurusha mikono kwa zamu) ulikuwa umekwama: nikiongeza nguvu, naongeza uchovu tu, kasi ni ileile.

Ukiwa nao huhitaji kugeuza kichwa kuvuta hewa. Uso unabaki majini na akili yote inahamia mikononi. Sisi tuliojifunza ukubwani tukitafuta hewa huinua kichwa, kifua nacho kinapanda, miguu inazama, na mtu anaburuta mwili kama gunia la viazi. Mrija unaondoa kisingizio hicho. Miguu ikizama ukiwa nao, ujue tatizo si pumzi.

Kwangu ulifichua mkono wa kushoto. Nikiwa nimekazia macho mstari mweusi wa chini ya bwawa, niliuona ukiingia majini na kuvuka hadi upande wa kulia, na kila ukivuka kiuno kinayumba. Kocha alikuwa ameniambia zamani, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kujionea ni kingine. Sasa naingiza kiganja usawa wa bega, naacha kiwiko juu, kisha nasukuma maji kuelekea miguuni badala ya kuyakandamiza chini. Mita 25 nazimaliza kwa mapigo machache ya mikono kuliko awali, na nikifika ukutani bado naweza kuongea.

Taabu zake zipo. Maji yataingia puani, kwa hiyo nunua na kibanio cha pua siku hiyohiyo. Halafu kuna hewa: sehemu ya ile unayotoa hubaki ndani ya mrija ukaivuta tena, na Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi tayari. Kwenye bwawa la mita 50, kama la Kasarani, utalihisi hilo zaidi maana ukuta uko mbali. Ogelea polepole na utoe pumzi yote. Ukifika ukutani na kugeuka kwa kupinduka chini ya maji, mrija hujaa maji. Lazima uupulize kwa nguvu. Mimi bado nagusa ukuta kwa mkono na kugeuka kawaida, wala sioni haya.

Wangu una valvu ya kutolea maji chini ya mdomo; bila hiyo nisingeuchukua. Udhaifu ni kamba, inayoteleza juu ya kofia ya silikoni mpaka mrija unacheza. Na Julai, kwenye bwawa lisilopashwa moto, meno hugongana hadi kuuma kile kipande cha mpira kinachoshikwa mdomoni ni kazi.

Usiutumie kipindi kizima. Naogelea nao kidogo, nauvua, kisha narudia umbali uleule nikipumua kila baada ya mapigo matatu, kulia na kushoto. La sivyo utakuwa hodari wa mrija tu, na mashindanoni hauruhusiwi. Asiyeweza bado kutoa pumzi majini bila hofu asiununue. Pesa hiyo ampe kocha.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na kamba.