Rodney au Shivji: uanze na nani?

Swali hili haliishi kwa wanaosoma historia ya uchumi wetu. Kitabu cha Walter Rodney cha 1972, kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kinasomeka kwa wepesi na kinakwenda mbali: kuanzia biashara ya utumwa hadi reli za wakoloni zilizoelekea baharini kuchukua mazao, si kuunganisha majirani. Picha hiyo hainitoki. Cha Issa Shivji cha 1976, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, ni kigumu. Istilahi zake zinachosha. Lakini kwa undani wa nchi kinashinda: wafanyakazi wanaishika aya ya 15 ya Mwongozo wa 1971, tamko la chama tawala TANU lililokemea jeuri ya viongozi, na kuwagomea mameneja wenye jeuri.

Unatafuta chanzo cha unyonge wetu? Rodney. Unauliza nani alinufaika baada ya uhuru? Shivji, na penseli mkononi.