Skripti inaandika SALAMA kila inaposhindwa kuuliza

Nyota moja, na hiyo ni ya rangi za terminali.

Ni skripti ya Python ya kukagua TLS (itifaki inayosimba mawasiliano na seva), chanzo huria. Unaipa orodha ya seva, nayo inakwambia ipi bado inakubali TLS 1.0 na ipi imeshaifunga. Kazi yenyewe ni ya maana. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi Machi 2021 kwa RFC 8996 (waraka wa viwango vya intaneti), na mkaguzi yeyote wa mifumo ya malipo ya kadi ataanzia hapo hapo.

Sasa ielekeze kwenye ruta ya zamani ambayo unajua fika kwamba inakubali TLS 1.0. Ukiwa kwenye Ubuntu 22.04 au Debian 12, itakuandikia kwa kijani: SALAMA. Ielekeze kwenye printa yenye cheti cha kujitengenezea: SALAMA. Chomoa waya wa mtandao kabisa: SALAMA! Nesi ambaye kipimajoto chake kimeisha betri, akaandika mgonjwa hana homa, ndiye huyu.

Ugonjwa uko kwenye mistari minne. Ndani ya try inaita wrap_socket, inayoanzisha muunganisho wa TLS; ikifaulu inarudisha True, yaani seva ni mbovu. Chini yake kuna except tupu (sehemu ya kukamata makosa), bila jina la kosa, inayorudisha False. Hivyo kila aina ya kushindwa duniani, kuanzia DNS (kutafuta anwani ya seva) hadi cheti, inahesabiwa kuwa seva imekataa itifaki. Aliyeandika except tupu kwenye zana ya usalama anyang'anywe kibodi kwa muda.

Kwa nini ilikuwa ikifanya kazi zamani na sasa haifanyi? Kwa sababu anayekataa TLS 1.0 siku hizi ni mashine yako mwenyewe, kabla hata ya kuifikia seva. Python 3.10 ilipandisha kiwango cha chini cha SSLContext, yaani mipangilio yake ya TLS, hadi TLS 1.2. OpenSSL 3.0, maktaba ya usimbaji ambayo Python huitegemea, nayo haitumii TLS 1.0 wala 1.1 mpaka ngazi ya usalama ishushwe hadi 0, na Debian na Ubuntu huiweka 2. Kwa hiyo skripti inajipiga marufuku yenyewe, kisha inampongeza jirani.

Kabla ya kugusa chochote, badilisha ile except iwe except Exception as e, halafu chapisha repr(e). Ukiona NO_PROTOCOLS_AVAILABLE au UNSUPPORTED_PROTOCOL, kosa ni la kwako. Ukiona TLSV1_ALERT_PROTOCOL_VERSION, hapo seva ndiyo iliyojibu na kukataa. Asiyeamini maktaba aangalie baiti kwa tcpdump, zana ya kunasa pakiti: 15 03 01 00 02 02 46 ni onyo namba 70 kutoka upande wa pili. Kama pakiti ya ClientHello, salamu ya kwanza ya mteja, haijatoka kabisa, hakuna kilichopimwa.

Marekebisho ni haya, na mpangilio wake una maana. Anza na SSLContext ya PROTOCOL_TLS_CLIENT. Weka check_hostname = False kwanza, ndipo verify_mode = CERT_NONE. Ukigeuza mpangilio utapata ValueError, ambayo ile except mbovu ingeimeza pia. Kisha set_ciphers('ALL:@SECLEVEL=0'), halafu minimum_version na maximum_version zote mbili ziwe TLSVersion.TLSv1. Usisahau server_hostname kwenye wrap_socket, la sivyo seva inayobeba tovuti nyingi itakujibu kwa mipangilio ya tovuti nyingine. Majibu yawe matatu: imekubali, imekataa, haikupimika.

SSLv3, itifaki ya zamani iliyotangulia TLS, ni habari nyingine. Debian wameiondoa wakati wa kujenga OpenSSL, kwa hiyo ssl.HAS_SSLv3 ni False na kushusha SECLEVEL (ile ngazi ya usalama) hakutakusaidia. Skripti hii bado ina safu ya SSLv3 kwenye ripoti yake, imejaa kijani. Tumia zana ya kukagua mitandao, nmap --script ssl-enum-ciphers, kwa kuwa yenyewe hutengeneza salamu za TLS kwa Lua bila kutegemea OpenSSL ya mashine.

Na jaribio ambalo mradi huu ungepaswa kuwa nalo siku ya kwanza ni seva ya makusudi, iliyo mbovu. Tengeneza cheti kwa openssl req -x509 -newkey rsa:2048 -nodes, kisha washa openssl s_server -accept 4433 -tls1 -cipher 'DEFAULT:@SECLEVEL=0' pamoja na cheti na ufunguo wake. Skripti isipoipigia kelele 127.0.0.1:4433, majibu yake mengine hayana thamani. Ni kazi ya dakika chache tu.

Kilichonipandisha damu zaidi ni jibu la mtunzaji wa mradi. Kapewa logi nzima, matoleo ya Python na OpenSSL, na kiraka kilicho tayari. Kajibu: kwenye mashine yangu inafanya kazi. Kisha kafunga tiketi. Bila shaka inafanya kazi, ndugu yangu, kwenye mashine yenye OpenSSL ya enzi zile! Hakuna anayedai malipo wala huduma ya usiku. Programu ni ya bure na tunashukuru. Ila kukataa kiraka cha mistari michache bila hata kukisoma ni dharau.

Haya, nikitulia kidogo: ina kasi. Inafungua miunganisho mingi kwa pamoja, inasoma orodha kutoka faili bila matata, na JSON yake (faili ya matokeo) inaingia kwenye zana nyingine bila kubanwabanwa. Kwa anayeweza kuirekebisha mwenyewe, ningesema nyota mbili, hata tatu.

Lakini hapana. Hiyo JSON ninayoisifu ina true na false tu. Kosa lenyewe halikuhifadhiwa popote. Ripoti zilizotoka humo tangu mashine ihamie OpenSSL 3 haziwezi kuchambuliwa kujua ipi ilipimwa na ipi ilidhaniwa, na baadhi zimeshasainiwa na kukabidhiwa kwa wateja. Nyota inabaki moja. Kama mnazo ripoti za namna hiyo, rudieni upimaji kwa nmap, na muanze na zile seva zilizoandikwa SALAMA.