TAHADHARI: Paneli za sola zenye stika ya 150W, ndani ni wati 50

Wadau, kuweni macho kabla hamjatoa hela. Kuna paneli za sola zinauzwa madukani na minadani, stika nyuma inasema 150W, kumbe haifiki hata nusu. Mimi ni fundi na nimetoka kuikagua moja kwa mama anayeuza vinywaji baridi kijijini, mkoani Morogoro. Friji yake ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) inazima kila jioni, betri haijai. Kabla yangu ameshauziwa betri mpya akiambiwa ya zamani ndiyo mbovu. Hela ya mtaji imeteketea hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba dukani alipimiwa. Muuzaji alitoa paneli juani, akaweka mita, ikasoma volti 21, akamwambia "umeona mama, iko fulu." Huo ndio mtego wenyewe. Mita ya kidijitali ikipima volti, ukinzani wake wa ndani huwa kama ohm milioni 10. Gawanya 21 kwa 10,000,000: unapata ampea 0.0000021. Paneli haijatoa mkondo wa maana hata kidogo. Paneli ya wati 10 na ya wati 150, zote za mfumo wa volti 12, zitasoma volti hizohizo 21 au 22. Volti peke yake haikuambii wati.

Wati ni volti mara ampea. Stika ya mama huyu ilisema volti za kazini ni 18, kwa hiyo 150 ÷ 18, tulitegemea ampea 8.3. Saa sita mchana, jua kali, paneli imelielekea jua sawasawa, mita ilisoma ampea 2.9. Zidisha kwa 18: wati 52. Na hapo nimeipendelea, maana mkondo wa kushoti niliopima (chanya na hasi zikiunganishwa moja kwa moja kupitia mita) huwa juu kidogo ya ule wa kazini.

Mkiwa dukani, mwambieni muuzaji ahamishie waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, aweke ampea za DC, agusishe kwenye chanya na hasi ya paneli moja. Paneli haidhuriki kwa sekunde chache hizo. Inayozidi ampea 10 ipimwe kwa klampu ya DC (mita inayobana waya kwa nje). Lakini BETRI MSIPIME HIVYO KAMWE! Betri ya volti 12 yenye ukinzani wa ndani wa ohm 0.02 inaweza kumwaga ampea 600, waya unayeyuka mkononi.

Hamna mita? Bebeni futi. Jua kali huleta takriban wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Hii ya mama ni sentimita 67 kwa 54, yaani mita za mraba 0.36. Hapo hata ingekuwa bora kabisa isingevuka sana wati 75. Ya wati 150 yenye upana kama huo huwa na urefu unaozidi mita moja.

Muuzaji akikataa kupima ampea, ondokeni. Mkinunua, daini risiti ya EFD iliyoandikwa wati za paneli, isiwe "paneli 1" tu, kwa sababu malalamiko ya bidhaa bandia yanapelekwa FCC, Tume ya Ushindani, na bila maandishi hayo muuzaji atasema alikuuzia ya 50.