TAHADHARI: Hadubini ya "fezi kontrasti" inayouzwa hapa Kigoma mjini, mimi nimeshapigwa

Jamani wadau, hasa walimu wa bailojia na nyie mnaopenda kuchungulia vidudu vya maji, kuna jamaa anatangaza hadubini ya fezi kontrasti (ile inayoonyesha vidudu visivyo na rangi bila kuvipaka rangi) kwa laki sita na nusu, msitume hela.

Alinirushia video ya paramisiamu, kidudu cha maji cha seli moja, mwili mweusi mweusi kwenye kijivu, ukingoni kazungukwa na mwanga kama karabai za wavua dagaa usiku. Nikamuuliza kaka hii ni fezi kweli? Akasema mwalimu siwezi kukudanganya, soma hapo kwenye lenzi imeandikwa Ph2, yaani "phase", fezi. Nikatuma hela yote (ujinga wangu huo), mzigo ukaja na bajaji.

Maji nilikuwa nayo tayari, nilichota Kibirizi nikaloweka na majani makavu siku nne. Naweka tone, naangalia, vivuli tu vinapita. Hawa wadudu wako kama kioo ndani ya maji, mwanga unawapita unachelewa kidogo tu na jicho haliuoni huo ucheleweshaji, ndo maana yule mwanafizikia Zernike wa Uholanzi akapewa tuzo ya Nobel 1953, alipata njia hii ya fezi ya kuugeuza uwe giza na mwanga bila kuwapaka rangi wala kuwaua.

Nampigia, ananiambia funga dayaframu, kile kitundu cha kupunguza mwanga. Nikafunga, kweli kingo zikawa nyeusi, ila vya ndani vikapotea na vile vinyweleo vyake vya kuogelea sikuviona kabisa. Hiyo hata hadubini ya kawaida ya shule inafanya!

Basi nikatoa lenzi ya jicho nikachungulia ndani ya bomba. Fezi ya kweli utaona pete ya kijivu imekaa ndani ya lenzi ya chini ya bomba, na kwenye kondensa (lenzi ya chini ya meza inayokusanya mwanga) kuna pete nyingine inayopitisha mwanga, mbili hizo lazima zilaliane, na namba zifanane, Ph1 kwa Ph1, Ph2 kwa Ph2. Mimi niliona duara jeupe tupu. Kondensa yenyewe haina sehemu ya kuweka pete, ina dayaframu basi.

Halafu ile Ph2 ya kwenye lenzi. Nikaikwaruza kwa ukucha ikabanduka, stika! Chini yake imechongwa 40/0.65 160/0.17, namba za vipimo tu, lenzi ya kawaida kabisa, haina Ph popote. Nikampigia tena, alivyosikia neno stika tu akakata, na kanibloku mpaka leo.

Juzi tangazo limerudi kwa namba nyingine, bei laki tano sasa, ila picha ni ile ile, hadubini imewekwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua mekundu na pembeni kuna kona ya friji. Walioko Kasulu, Uvinza mpaka Tabora, ukiiona hiyo picha mwambie akutumie video ametoa lenzi ya jicho anachungulia bomba. Mimi nilimwomba kwa simu ya jirani yangu, akasema chaji imeisha.