Seti ya Turbo kwenye Injini Iliyochoka: Ufanye Ovahoo Kwanza, au Uifunge Hivyo Hivyo?

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna seti ya turbo: turbo lenyewe, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, manifoldi, mabomba ya hewa na ya oili. Wengi mnauliza kama inafaa kufungwa kwenye injini yenye kilomita nyingi bila ovahoo, yaani bila kuifungua na kuitengeneza upya. Kilomita hazitakupa jibu, pima.

Anza na geji ya kompresheni, inayopima presha ya kila silinda. Injini iwe ya moto, toa plagi zote, kata mafuta na moto wa plagi, kanyaga akseleta hadi mwisho, ndipo upige stata. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Ukipata psi 180, 178, 175, halafu moja ikasoma 130, imiminie kijiko kimoja cha chai cha oili, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi.

Kipimo cha kuvuja nakiamini zaidi. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, unaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, kisha unatega sikio. Ikivuma kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi haikai sawa. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi. Hewa inayovuja ikiwa chini ya asilimia 10, endelea. Ikipita 20, irudishe seti kwenye boksi.

Mbona mkali hivyo? Kwa sababu turbo likisukuma, gesi inayopenya ringi inaongezeka na presha inajaa kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ya turbo hushuka kwa uzito wake tu. Ikikuta presha huko chini inakwama na kupenya sili. Moshi wa bluu huo! Watu hulaumu turbo, wananunua jingine, moshi uko palepale. Mvuke wa oili nao ukivutwa pamoja na hewa, unashusha oktani, yaani uwezo wa mafuta kutojilipukia ovyo, injini inaanza kugonga. Tazameni pistoni hii kwa karibu: ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande. Ndivyo kugonga kunavyofanya.

Presha ya oili usiisahau. Injini ikiwa ya moto, tarajia kama baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikiwa chini sana ya hapo, shuku beringi za krenki, na turbo linategemea oili hiyo hiyo.

Ukiamua ovahoo, usiweke ringi mpya kwenye silinda iliyopoteza mviringo, haitaziba. Chonga silinda, uweke pistoni za foji (za chuma kilichofuliwa kwa kugandamizwa, imara zaidi), uwiano wa mgandamizo uwe kama 9 kwa 1. Mwanya kati ya ncha mbili za ringi ndio mafundi wengi wanaoupuuza. Silinda ya milimita 86 bila turbo hutosheka na karibu milimita 0.35, ya turbo ipe 0.45 hadi 0.5. Ukibana, ringi ikipata moto ncha zake zinagusana, nayo inakwaruza silinda au kung'oa ukingo kama huu.

Injini ikifaulu vipimo, presha ya turbo ya baa 0.4 hadi 0.5 inatosha, tena kwa programu ya kompyuta ya injini iliyorekebishwa. Seti hii haina nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta, kwa hiyo zitafute mapema. Bomba lake la kurudishia oili ni jembamba mno, mimi ningelibadilisha: literemke bila kupinda na liingie sampu juu ya usawa wa oili.