Kifurushi cha wiki moja cha kufundisha sehemu: vipande safi, ratiba ina kasoro

Vifurushi vya masomo ya wiki moja siku hizi ni vingi: unapakua faili, unachapa, unakata, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kila kipindi kina andalio lake tayari. Hiki tunachokipitia kinafundisha sehemu za hesabu, kama 1/2 na 3/4, kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Ndani yake mna maandalio matano ya vipindi vya dakika 40, karatasi tano za mazoezi, ukurasa wa vipande vya kukata, jaribio la Ijumaa na karatasi ya majibu. Vipande vimebuniwa na mtu anayelijua darasa. Ratiba ya siku tano imepangwa na mtu mwenye haraka. Kitumie, ila usikifuate neno kwa neno.

Tuanze na vipande, maana ndivyo vinavyokibeba kifurushi chote. Ukurasa mmoja wa A4 uliolazwa una mistatili saba, kila mmoja una urefu wa sm 24 na upana wa sm 2.5. Wa kwanza ni mzima, mingine imegawanywa kuwa nusu, theluthi, robo, moja ya sita, moja ya nane na moja ya kumi na mbili. Jumla ni vipande 36 kwa seti. Uchaguzi wa sm 24 ni wa mtu aliyefikiri: nusu inatoka sm 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4, moja ya nane 3 na moja ya kumi na mbili 2. Mtoto akiweka rula anapata namba nzima kila mara. Tumeona seti nyingine zilizotengenezwa kwa urefu wa sm 20, ambako theluthi inaishia kwenye sm 6.67, na mtoto anayepima kwa makini ndiye anayeambiwa amekosea.

Uzuri huo unapotea kwenye mashine ya kuchapa. Programu nyingi za kuchapa hupunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya pambizo. Ukipungua hadi asilimia 95, mzima unakuwa na sm 22.8 na nusu inasoma sm 11.4. Ukivilinganisha vipande vyenyewe kwa vyenyewe hutaona tatizo, kwa kuwa vyote vimepungua kwa kiwango kimoja; tatizo linajitokeza siku ya kutumia rula. Chagua ukubwa wa asilimia 100, chapa ukurasa mmoja tu, upime, ndipo uchape zilizobaki. Watengenezaji wangeweka mstari wa kupimia wa sm 10 pembeni mwa ukurasa wangewaokoa walimu wengi.

Chapa kwenye manila. Karatasi ya kawaida inajikunja, na vipande vya sm 2 hupeperushwa na upepo wa dirishani. Maelekezo yanasema seti moja itumiwe na watoto watatu. Punguza wawe wawili. Wakiwa watatu, mmoja anapanga, wa pili anabisha, wa tatu anachezea penseli. Kwa darasa la watoto 40 unahitaji seti 20, yaani vipande 720, na ukiwa na mkasi mmoja hiyo ni kazi ya jioni nzima. Njia rahisi ni kukata ile mistatili saba tu, kisha kuwaachia watoto wakate ndani yake Jumatatu yenyewe. Kugawanya kwa mkono wake kunamfundisha mtoto zaidi ya kupokea vipande vilivyokwisha kugawanywa. Tenga dakika kumi kwa kazi hiyo, na kila jozi ipate bahasha yenye namba. Kabla ya kufunga kipindi vipande vihesabiwe: 36 ndani, bahasha inarudi.

Kuna hitilafu moja ndogo ambayo usipoijua itakuchanganya. Kipande cha moja ya nane kina sm 3 kwa 2.5, na cha moja ya kumi na mbili kina sm 2 kwa 2.5. Vyote viwili vinakaribia mraba, na mtoto anavilaza vyovyote. Akivipanga vinane kwa upande wa sm 2.5 anapata sm 20, anabakiwa na pengo la sm 4, naye anakuja kukuambia kwa uhakika kabisa kwamba moja ya nane nane hazitimizi kimoja. Vile kumi na viwili vikilazwa hivyo vinafika sm 30 na kuvuka. Chora mshale mdogo nyuma ya kila kipande kufuata urefu wa mstatili wake kabla ya kukata, na mambo yatanyooka.

Tunasema nyuma kwa sababu Jumatatu vipande vinapaswa kulala kifudifudi. Kifurushi hakisemi hivyo, na hapo ndipo kipindi cha kwanza kinapopoteza nguvu. Kila kipande kimeandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Ukimuuliza mtoto kipi kirefu, 1/4 au 1/8, anasoma namba, anaona 8 ni kubwa kuliko 4, anajibu 1/8 bila hata kutazama mezani. Hilo ndilo kosa kongwe kuliko yote katika mada hii, na vipande vimetengenezwa mahususi kulitibu. Majina yakifichwa, mtoto analazimika kulinganisha urefu kwa macho na mikono: vipande vingapi vya aina moja vinajaza mzima, na kadiri vinavyozidi kuwa vingi, kila kimoja kinakuwaje? Akishasema mwenyewe kwamba vingi maana yake vifupi, geuza vipande Jumanne na umpe majina, kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini). Somo la Jumanne lenyewe halina neno.

Karatasi za mazoezi ni mchanganyiko. Ya kwanza ni dhaifu. Maumbo yote kumi yamegawanywa tayari kwa idadi ya asili, kwa hiyo “paka rangi 3/4” inageuka kuwa “hesabu hadi tatu”. Mtoto asiyejua kitu atapata kumi kwa kumi na wewe utaamini ameelewa. Badilisha walau maumbo manne: mpe mstatili wenye visehemu vinane apake 3/4, au mstari mtupu augawanye mwenyewe. Karatasi ya pili ni bora zaidi, inachanganya maumbo yaliyogawanywa sawa na yasiyogawanywa sawa, na inamtaka mtoto aseme kwa nini. Swali lake la sita tutalirudia.

Jumatano ni sehemu zilizo sawa, kama 1/2 na 2/4, na Alhamisi ni mstari wa namba pamoja na kujumlisha sehemu zenye asili inayofanana. Hapa ndipo ratiba inapovunjika. Mstari wa namba na kujumlisha ni mada mbili nzito, na zimebanwa ndani ya dakika 40. Andalio linatoa dakika 12 kwa mstari, na dakika tatu kati ya hizo ni za kugawa karatasi.

Ubaya zaidi ni kwamba mstari uliochorwa kwenye karatasi ya nne una sm 12 kutoka 0 hadi 1. Vipande ni vya sm 24! Mtoto aliyeshika kipande cha robo kwa siku tatu anakileta kwenye mstari na kukuta kinafika katikati. Daraja la kutoka kwenye kitu cha kushika hadi kwenye mchoro, jambo ambalo mwanasaikolojia Jerome Bruner alilisisitiza tangu miaka ya 1960, limekatwa mahali ambapo mtoto anataka kuvuka. Inaelekea waliogopa ukubwa wa karatasi, kwa kuwa A4 iliyosimama ina upana wa sm 21 tu. Karatasi ingelazwa, mstari wa sm 24 ungeenea na nafasi ikabaki.

Suluhisho halihitaji kuchapa tena. Chora mstari kwa chaki juu ya dawati, sm 48, weka 0 mwanzoni, 1 kwenye sm 24 na 2 mwishoni. Watoto wapange robo kuanzia 0 na waandike alama kila kipande kinapoishia: 1/4, 2/4, 3/4, 4/4. Wasiishie hapo, waazime robo za jozi jirani na waendelee hadi 5/4 na 6/4. Watoto wengi wanaamini sehemu ni lazima iwe ndogo kuliko moja kwa sababu kila mchoro waliowahi kuona ulikuwa umbo moja lililopakwa rangi. Kipande cha tano kikivuka ile 1, imani hiyo inaondoka bila mwalimu kuhubiri.

Kosa la kutarajia hapa ni kuhesabu alama badala ya nafasi. Mtoto anaanza na “moja” pale kwenye 0, hivyo robo tatu inaangukia kwenye 2/4. Mwambie aweke kidole mwisho wa kipande, si mwanzo wake, na kabla ya kuandika chochote ataje vipande vingapi vimelala kushoto kwa kidole.

Kwa hiyo panga upya: mstari wa namba uje Jumatano peke yake, sehemu zilizo sawa ziende Alhamisi, na kujumlisha kuhamie wiki inayofuata. Mpangilio huu una faida nyingine. Mtoto aliyeona 1/2, 2/4 na 4/8 zikitua kwenye alama moja ya mstari hana haja ya kukaririshwa kanuni ya kuzidisha juu na chini; kanuni inakuja kutaja alichokwisha kuona. Na ukiharakisha kujumlisha kabla hajaiona sehemu kama namba moja iliyo kamili, usishangae kukuta 1/2 + 1/3 = 2/5 kwenye daftari.

Jaribio la Ijumaa lina maswali 12. Manane yanahusu kujumlisha, yaani kilichofundishwa jana yake. Manne yanahusu kutaja sehemu. Kulinganisha, ambako ndiko watoto hukosea zaidi, hakuna hata moja. Alama za jaribio hilo zitakuambia nani anakumbuka Alhamisi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunachojifunza kinavyotutoka upesi tusipokirudia (alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwa hiyo tusimsukumie kila kitu cha darasani), na maelfu ya walimu wanaliona jambo hilohilo kila Jumatatu. Badala ya jaribio moja, weka maswali matatu mwanzoni mwa kila kipindi, dakika tano, bila alama: moja la jana, moja la juzi, moja la mada ya zamani. Ijumaa itabaki ya kurekebisha yaliyojitokeza. Kwa kipimo cha kuendelea mbele, mtafiti wa ufundishaji Barak Rosenshine alitaja mwaka 2012 kiwango cha mafanikio cha takriban asilimia 80 ya majibu wakati wa mazoezi, nacho kinatosha hapa: kwa watoto 40, kama chini ya 32 wanaweka 1/8 upande sahihi wa 1/4, usiingie kwenye sehemu zilizo sawa.

Maandalio yenyewe yameandikwa kwa lugha safi na maswali ya mwalimu ni mazuri. Yamebanwa tu. Maswali sita kwa dakika mbili maana yake ni sekunde 20 kwa kuuliza, kufikiri, kujibu na kusahihisha. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alikuta katika uchunguzi wake kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika sekunde tatu majibu ya watoto yanarefuka. Futa maswali matatu, yaliyobaki uyape nafasi.

Karatasi ya majibu ipitie yote kabla ya kuitumia. Lile swali la sita linaonyesha pembetatu iliyokatwa kwa mistari miwili ya mlalo iliyoachana sawa, kipande cha chini kimepakwa rangi, na linauliza kama hiyo ni theluthi. Ni swali zuri kuliko yote kwenye kifurushi, lakini jibu lililochapwa ni “ndiyo”. Chora ndani yake pembetatu ndogo zinazolingana: juu inaingia moja, katikati tatu, chini tano, jumla tisa. Kata “ndiyo” kwa kalamu nyekundu, uandike 5/9.